Mwalimu wa Maharage ya Kufagia

Siku ya kwanza Efrazia alidhani amepata mteja mjinga. Binti wa watu, sketi imepigwa pasi, anainama mbele ya kibanda chake cha nafaka sokoni Katesh na kunyooshea kidole lundo lililofagiliwa pembeni: maharage ya rosekoko na ya njano, mbaazi, mahindi na vijiwe, vyote pamoja.

"Shikamoo mama. Hayo unauzaje?"

"Marahaba. Hayo mwanangu ni ya kuku. Chukua masafi hapa, ya msimu huu."

"Masafi sitaki. Nataka hayo yaliyochanganyika."

Efrazia alimtazama upya. Mtu akitaka kitu ambacho wengine wanakikanyaga, ujue anajua jambo usilolijua wewe, na hapo bei hupanda. "Hayo yana mwenyewe," akadanganya. "Jirani yangu Rogathe huyachukua kwa ajili ya kuku wake."

"Kuku wa Rogathe wanajua kuchambua? Watoto wangu ndio wanajifunza."

Ndivyo alivyomfahamu Mwalimu Restituta wa darasa la awali kule Masakta, mzaliwa wa Mbulu juu, mtu asiyenunua hata nyanya bila kudai nyongeza.

Efrazia naye alikuwa na shida yake iliyokosa wa kuipokea. Binti yake aliolewa Hirbadaw, kwa wafugaji, na mjukuu wake Gerald alikulia huko katikati ya ng'ombe wa babu yake. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa legevu tangu kuzaliwa, na maneno yalimtoka kwa taabu. Alipoletwa kwa bibi yake aanze shule, mwalimu mkuu wa hiyo shule ya Masakta alimwangalia mara moja tu, akasema asubiri, kuna shule maalumu huko mbali. Kumwacha nyumbani peke yake haikuwezekana, na soko halimngoji mtu.

"Mchukue Gerald," Efrazia akasema, "na uchafu wote wa kibanda hiki ni wako."

"Gerald ningemchukua hata bure, mama. Lakini kwa kuwa umeshasema, uchafu nachukua."

Efrazia aliuma mdomo. Alikuwa ametaja bei mapema mno.

Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja: atakuja darasani kabla ya kufunga shule, na akimkuta mtoto amekaa tu kama gunia, atamrudisha nyumbani.

Siku moja Efrazia alipita kuona biashara yake inaendaje. Ilikuwa wiki ya shamba, na kila kitu darasani kilihusu shamba. Lile lundo lake lilikuwa mkekani, na kila mtoto ana kopo na kazi yake. Wepesi walipanga punje kwa zamu, nyekundu, njano, nyekundu, njano. Abel, asiyeona vizuri, alitenganisha kwa ncha za vidole. Gerald alipewa vijiwe tu. Mwalimu alikuwa ameweka sahani ya bati chini ya mkono ule mlegevu ili uibane, na mkono wa kushoto ukawa unachomoa.

"Mwalimu, nimeleta mtoto asome, wewe unamfundisha mapishi? Kuchambua hata mimi ningemfundisha."

"Mbona hukumfundisha, bibi Gerald?"

Efrazia akajifanya anatafuta simu.

Mwalimu mkuu alikuja wiki ya mifugo, na Efrazia akasimama mlangoni. Kila mtoto alikuwa amefinyanga ng'ombe wake wa udongo na kuwazungushia zizi la miiba.

"Haya, Gerald. Hesabu ng'ombe wako," mkuu akasema.

Gerald akalivuta zizi lake karibu. Akaulizwa tena. Akawafunika ng'ombe wake kwa mkono mzima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu Restituta," mkuu akasema taratibu, "nilikwambia."

Wiki nzima Restituta naye alikuwa akimwuliza Gerald swali hilohilo, na wiki nzima mtoto alikuwa akifunika ng'ombe.

Hapo Efrazia akakumbuka mazungumzo ya mahari ya binti yake. Alikuwa amemwuliza yule babu wa Hirbadaw ana ng'ombe wangapi, ili ajue pa kuanzia, na mzee akasimama akaondoka zake bila kuaga.

"Mwalimu!" akaropoka. "Kwa babu yake ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ni kuwaitia kifo."

"Sasa watu wa huko wanajuaje kama mmoja amepotea?" mkuu akauliza.

Restituta alikuwa ameshapiga magoti. "Watoto, fumbeni macho." Akamtwaa ng'ombe mmoja wa Gerald, akamficha ndani ya kitenge chake. "Fumbueni. Jua limezama, Gerald. Funga zizi."

Gerald alishika mwiba wa mlangoni, akatazama ndani. Hakufunga. Akautupa mwiba, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu na kuvuta kitenge.

"Nyekundu," akasema. Kisha, kwa kuhangaika: "Pembe... imevunjika."

Restituta akamtoa ng'ombe: ndiye huyo. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Huyu abaki. Na siku nikipoteza funguo za ofisi, mniitie yeye."

Likizo ilipofika, Gerald alikwenda sokoni na bibi yake. Mteja alikuwa anapimiwa maharage "ya msimu huu" wakati mtoto alipobana sahani kwa mkono wake mlegevu na kuanza kuchomoa punje zilizofifia, moja moja.

"Huyu anatoa nini?"

"Ya zamani," Gerald akajibu, safi kabisa, kama mtangazaji wa redio.

"Alaa! Kumbe ya msimu huu yamekuja na babu zao!"

Efrazia alilazimika kupunguza bei mchana kutwa. Tangu siku hiyo maharage ya zamani yana gunia lake peke yake, na ile faida ndogo ya kuchanganya imekwenda na maji.

"Umeniharibia biashara, mwalimu," alilalamika shule ilipofunguliwa, akimkabidhi mfuko wa uchafu kama walivyopatana.

"Nikurudishie mtoto?"

"Thubutu!"

Restituta akafungua mfuko. Rosekoko kwenye kifurushi chake, njano kwenye chake, mbaazi kwenye chake, na vijiwe vimefungwa kwenye gazeti. Gerald alikuwa amemaliza kazi ya darasa zima. Mwalimu akashusha pumzi, akamwaga vyote ndani ya beseni, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuvichanganya upya.