Jiwe la Bibi Mkunga kwenye Foleni ya Sukari

Wiki hii sukari ilifika kwenye duka la kijiji chetu, upande wa Nyamongo. Kama kawaida, aliyechoka kusimama aliacha jiwe mahali pake akaenda kukaa kivulini.

Mbele ya mwalimu mmoja mgeni kulikuwa na jiwe jeupe. Kila foleni iliposogea, mama mmoja alilisukuma kwa mguu.

“Hili la nani?” mwalimu akauliza.

“La bibi mkunga.”

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Tumemzika juzi.”

Mwalimu akainama aliondoe. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamshika mkono. “Mura, kijana wangu, liache. Hiyo ni zamu yake.”

Nikaitazama foleni. Karibu nusu yetu tulizaliwa mikononi mwa bibi yule, na hapo hapo dukani ndipo alipotuchekesha. Kila alipoambiwa sukari imekwisha, alifungua kikapu chake akamwambia muuzaji, “Basi nipimie harufu.”

Jiwe likafika dirishani. Muuzaji akachungulia ndani ya gunia. “Imekwisha,” akasema, akiliangalia jiwe.

Mzee akakohoa. “Basi mpimie harufu.”

Kwa mara ya kwanza neno lile halikumchekesha mtu. Muuzaji akatoka nje na gunia, akalikung’uta taratibu juu ya jiwe. Mwalimu akavua kofia.

Wakubwa wengi wamepita hapa, tukawapigia makofi kwa kupangwa. Kwa jiwe lile hakuna aliyetupanga, na hakuna aliyethubutu kuliruka.