Simu Kimya ya Sylvi Hautala

Sylvi Hautala alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni. Barua ikichelewa, kuna mtu kaifungua. Jirani akimletea samaki, anataka nini huyo? Wafini wenzake wa mji wa Thunder Bay walishamzoea, wakimtania kanisani: "Kunywa kahawa, Sylvi, nimekuonjea." Naye alikuwa anakunywa, ila baada ya kuinusa.

Kwa hiyo simu yake ilipoanza kulia, akipokea hasikii mtu, hakuhangaika kufikiri. Matapeli! Si walishaonywa kwenye klabu ya wazee? Wanapiga, wananyamaza, wanarekodi sauti yako. Basi Sylvi akawa anawapa vidonge vyao. "Mwizi mkubwa wewe! Nakujua! Usinipigie tena mpaka nife!" Anakata, anajimiminia kahawa, roho yake kwatu.

Na bado simu yenyewe haachani nayo. Sababu ilikuwa moja, Aune. Huyo ni mdogo wake, anakaa Nipigon, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, na walikuwa hawajasemezana miaka minane. Siku walipogawana vitu vya marehemu mama yao, birika la shaba halikuonekana, na Sylvi akamwita mdogo wake mwizi mbele ya watu. Birika halijaonekana mpaka leo. Sasa Aune alikuwa anahamia kwa mwanawe huko mbali Vancouver, mwisho wa mwezi, na alikuwa ametuma salamu kupitia mama mmoja wa kanisani: "Mwambie dada nitampigia kabla sijaondoka."

Sylvi alijifanya hajali. Apige wa nini? Anatafuta nini saa hizi? Lakini akawa analala na simu chini ya mto na kwenda nayo bustanini kwenye viazi. Kwamba zile simu za kimya zingeweza kuwa za Aune, hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Aune akae kimya? Aune ambaye hata akipigwa ganzi kwa daktari wa meno anaendelea kuongea?

Ilipolia tena asubuhi moja, tena kimya, uvumilivu ukamwisha. Akavaa koti, akaenda duka la simu. Mhudumu alikuwa Darlene, mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Mmeuza namba yangu kwa wezi," Sylvi akaanza, salamu hakuna. "Nataka mkataba uvunjwe leo."

"Mkataba ni wa miaka miwili, mama, na huna hata nusu mwaka. Ukiuvunja, itabidi uilipie simu yote."

"Ndiyo maana siku ya kuniuzia mlikuwa mnachekacheka."

"Hatuuzi namba ya mtu. Hebu niijaribu kwanza."

Darlene akaingia chumba cha nyuma, akapiga. Simu ikalia mkononi mwa Sylvi. Akapokea. Kimya. Mdomo ukamtangulia: "Mwizi we! Mpaka dukani umenifuata?"

Darlene akatoka, midomo ameibana. "Nimekusikia, mama. Duka zima limekusikia. Mimi nilikuwa nakusalimu."

"Sikusikia salamu yoyote."

"Basi spika ya sikioni imekufa. Wewe huwasikii, lakini wao wanakusikia neno kwa neno."

Akachomoa kile kijisahani cha laini, akamulika ndani kwa kurunzi. Palikuwa na kialama kidogo, chekundu. "Hiki huwa cheupe. Imeingia maji hii."

"Maji? Simu hii haijui tone la maji! Hiyo rangi mmeipaka nyinyi."

"Haijatoka mkononi mwako, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi. Darlene akauliza: aliingia nayo bafuni? Yeye si punguani. Ziwani? Thubutu! Nyuma yake kwenye foleni alisimama mzee Onni Räsänen, mkata magogo mstaafu anayesali naye kanisa moja, akachomekea kile chumba cha Wafini cha kujifukiza, cha mawe ya moto yanayomwagiwa maji: "Sauna je?"

"Sauna lazima. Jumatano na Jumamosi. Naiweka benchi la juu, nisikose kuisikia."

Darlene akashusha pumzi. "Si ndiyo maji yenyewe hayo?"

Wafini wawili wakamtazama kwa huruma. "Sauna si maji," wakasema kwa pamoja.

"Mvuke je? Mvuke unatoka wapi?"

"Kwenye mawe," akasema Onni.

Darlene hakubishana. Alisema tu kwamba udhamini haugusi simu iliyolowa, na mkataba utaendelea hadi mwisho wake, simu isikie isisikie. Sylvi alikuwa amevuta pumzi awaite majambazi, mara yale maneno yakamrudia. Neno kwa neno.

"Nionyeshe nani alinipigia," akasema, sauti imeshuka.

Ilikuwa namba moja, mara nne. Sylvi hakuijua. Darlene akaipiga kwa simu ya duka, akaweka sauti kubwa. Ikaita weee, kisha mashine ikajibu: "Aune hapa. Namba nisizozijua sipokei, msijisumbue."

"Mnafahamiana?" Darlene akauliza taratibu.

"Mdogo wangu," akasema Sylvi. Mashine ilikuwa inangoja ujumbe wake. Akatikisa kichwa, Darlene akakata.

Akaendesha gari hadi Nipigon bila kuwasha redio. Alipogonga, mlango ulifunguka kidogo tu, mnyororo haujatolewa. Nyuma ya Aune palikuwa na maboksi yamefungwa.

"Si ulisema nisikupigie tena mpaka ufe?"

"Aune, simu ni mbovu. Simsikii anayepiga. Nilidhani ni matapeli. Haki ya Mungu, yule mwizi niliyekuwa namtukana hukuwa wewe."

Aune akamtazama kwenye upenyo. "Na miaka minane iliyopita? Mwizi alikuwa nani?"

Njia nzima Sylvi alikuwa amejipanga kuieleza spika, mvuke, na hata mkataba. Akataka kusema kwamba siku ile watu wengi walipita pale nyumbani, kwamba birika lilipotea kweli. Akaona aibu.

"Alikuwa wewe," akasema. "Nilikuita wewe, na sikuwa na ushahidi wowote. Nilikusingizia."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nilikuwa nangoja ukiri."

"Miaka yote minane?"

"Yote."

Aune akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ulipiga mara nne," Sylvi akasema. "Pamoja na matusi yale. Kwa nini?"

"Ya kwanza nililia. Ya pili nikasema labda kapoa. Ya tatu nikakutukana na mimi, kumbe hata husikii. Leo asubuhi nilitaka tu kuisikia sauti yako, hata ikitukana."

Aune akaufunga mlango, akautoa mnyororo, akaufungua wote.

"Vua viatu," akasema. "Nimeshapiga deki."