Fundi Anayebisha Hodi

Fundi wa kompyuta hagusi mashine kabla ya kuvua pete, kushika chuma cha kasha na kunong'ona, "Hodi, bibi." Mama alimkodolea macho. Kazi ya chuo ya bintiye ilikuwa humo ndani, na ilitakiwa kuwasilishwa saa sita mchana. Tangu binti abadilishe prosesa, ubongo wa kompyuta, jana, feni zilivuma lakini kioo kilibaki cheusi. Fundi alitega sikio kama anayesikiliza umbea, akacheka. "Haijafa, mama. Ubao mkuu wa ndani haumjui huyu mgeni, prosesa mpya. Nipeni prosesa ya zamani niirudishe, niufundishe ubao kwa programu mpya kumtambua, ndipo mgeni aingie."

"Niliitupa," binti alisema, machozi yakimlengalenga.

"Wewe ulitupa, mimi nikaokota," mama akajibu, akaitoa kwenye kopo la vifungo. Fundi aliirudisha, akaufundisha ubao, akaipachika mpya, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, vidole vimetulia tuli. Kioo kikawaka! Kazi ya binti ilipofunguka, mama alipiga kigelegele hadi jirani akauliza kuna nini. Fundi aliisokomeza mikono mifukoni upesi, lakini mama alikuwa ameshaiona. Sasa ndipo ilipokuwa ikitetemeka.