Nilidhani Ninaoza Ndani

Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayeongea akiwa ameziba mdomo, maana najua anavyoogopa. Mimi niko kidato cha tatu, naishi na mama Usa River. Meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya huku, kama ya wengi tu. Nilizoea kucheka nimeweka kiganja mdomoni. Lakini nikiimba nilisahau yote. Nilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana.

Halafu ikaja ladha. Nikiamka nasikia kitu kinanata nyuma ya koo, kibaya kama yai viza. Nikiinama kudeki, shavu la kulia linagonga. Pua ya kulia ilitoa makamasi ya njano, ya kushoto haina kitu. Sikumwambia mtu.

Siku moja mazoezini, Neema, ambaye tunashika naye kitabu kimoja cha nyimbo, akageuza shingo. Kijana wa besi nyuma yetu akasema, "Jamani, kuna panya amefia kwenye kinanda?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilijua huyo panya ni mimi.

Nikaacha kwaya. Nilisugua meno kwa mkaa na chumvi mpaka fizi zikatoa damu. Harufu ikabaki palepale. Nikaanza kuamini kuna kitu kinaoza ndani yangu, labda kansa, na kwamba nitakufa nacho. Mama alinipeleka zahanati. Daktari aliponiambia fungua mdomo, nilifungua kidogo tu, nikaonyesha ulimi. Sikutaka aone meno. Akanipa dawa za tumbo. Hazikusaidia.

Ndipo bibi, mama yake mama, akashuka kutoka mlimani. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi," nimeangalia pembeni. Akanishika kidevu.

"Marahaba. Mh! Hiki ni kimeo. Kimerefuka, kimeoza. Jumamosi tunampeleka kwa fundi akikate."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Huyo fundi anatumia wembe.

"Mama, si kuna hospitali?" mama akasema taratibu.

"Wewe mwenyewe ulikatwa. Ulikufa?"

Mama akaenda kumchemshia chai. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikula. Nilikuwa namuwaza yule fundi akiingiza wembe, nami nikimeza damu yangu mwenyewe. Ijumaa nikamfuata mama akianua nguo, nikamwambia, "Mama, naogopa. Nipeleke kwanza kwa daktari wa meno. Nitafungua mdomo wote." Akaniangalia sana. "Kavae viatu," akasema.

Daktari yule, mjini Arusha, alikuwa baba wa makamo. Nikakaa kwenye kiti, midomo nimeibana. "Fungua. Zaidi, mwanangu. Unaficha nini, hii rangi?" Akacheka, akanionyesha meno yake: ya kahawia kuliko yangu! "Mimi wa Ngarenanyuki, maji ni yale yale. Rangi hainuki."

Nikafungua mpaka taya zikauma. Akagonga jino la mwisho la juu, kulia. Nikapiga kelele. Lilikuwa limetoboka, na usaha ulikuwa umepanda kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, ukawa unashukia puani na kooni.

"Kwa hiyo si kansa?" nikauliza.

"Ni jino."

"Na kimeo?" mama akauliza.

"Kimeo kizima kabisa. Kisiguswe."

Nililia pale pale. Alinichoma ganzi, akaling'oa. Harufu iliyotoka, hata nesi alirudi nyuma. Nikatumia dawa na kusukutua maji ya chumvi. Shavu likatulia, pua ikakauka.

Namshukuru Mungu, na mama, na yule daktari. Hata bibi namshukuru, alitaka nipone. Ndugu yangu, harufu isiyoisha ina mahali inapotoka. Mwonyeshe daktari kote, hasa pale unapoona aibu. Na usikubali wembe kabla hujapimwa.

Bado niliogopa kuamini. Asubuhi moja nikamsogelea mama jikoni. "Mama, ninuse. Usinifiche." Nikamhemea usoni. Akafikiri kidogo.

"Unanuka kiporo cha maharage," akasema. "Kumbe ni wewe uliyekimaliza?"