Mikono Chini ya Majani Makavu

Jirani yangu hapa milimani Tennessee hupanda maua ya msituni, yale meupe ya petali tatu yanayochanua kabla miti haijavaa majani. Kila asubuhi hupiga magoti, akafukua majani makavu bila glavu, akiyasemesha machipukizi kwa sauti ya chini. Jana, nikiwa nimesimama karibu naye, alinyamaza ghafla. Nyoka mwenye sumu alikuwa akipita juu ya kiganja chake.

“Loretta, mwanangu, usisogee,” alininong'oneza. “Na usimwite mume wangu. Atakuja na jembe, anikanyagie maua.”

Nilibaki pale pale niliposimama. Nyoka alijivuta polepole mpaka akapotelea kwenye mawe. Jirani akalifunika chipukizi vizuri. Ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka, na haikuacha hata nilipomfikisha jikoni.