Vitumbua Si Lukaimati

Uji wa vitumbua haumngoji mtu. Ukisharoweka mchele usiku kucha, ukausaga, ukatia tui na hamira, ukaumuka, basi saa yake imefika. Ukiuchelewesha unachacha, na ukichacha hata kuku hawautaki. Ndiyo maana kwa miaka yote hapa Ibra, Oman, vitumbua vilikuwa chakula cha nyumba zetu tu, sisi ambao wazee wetu walirudi kutoka Unguja, tunaoitwa Wazinjibari, tena kwa siku za wageni na mwezi wa Ramadhani. Huwezi kuuweka uji ule dukani. Na mwanamke wa siku hizi, anayerudi kutoka ofisini alasiri akiwa hoi, hana ubavu wa kuroweka na kusaga.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake hao. Nilifanya kazi katika maabara ya kupima maji huko Sur, nikirudi Ibra mwisho wa wiki, na alipofariki mama yangu vitumbua vilikoma nyumbani kwetu. Binti yangu akawa anavitamani, mimi nampa biskuti. Nilikaa na aibu hiyo muda mrefu, kisha ikageuka hasira. Nchi nzima inazungumzia ubunifu wa chakula! Ukienda kwenye maonyesho unakuta vijana waliovaa kofia za neti wakikupa uonje chokoleti ya maziwa ya ngamia, unga wa ndizi, kahawa ya kokwa za tende. Kila chakula kimepata mtu wa kukitia akili isipokuwa chetu. Nikaacha kazi. Ndugu zangu walisema nimerukwa na akili: mtu anaacha mshahara na pensheni akauze vitumbua!

Nilichotaka ni unga mkavu, utiwe katika pakiti, mtu aumimine bakulini, atie maji ya uvuguvugu, asubiri kidogo, apike. Basi. Jambo la kusema tu hilo. Mara ya kwanza nilinunua unga wa mchele wa dukani nikachanganya na tui la unga. Vitumbua vilivyotoka ungeweza kumpiga navyo mwizi. Mchele unaosagwa mkavu huungua ndani kwa joto la kinu, na uji wake hunywa maji ovyo. Mchele uliolala majini husagika laini bila kuumia. Hilo nililijua kutokana na kusoma, wala si siri. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: kuroweka mchele kama desturi, kisha kuukausha taratibu kwa joto dogo, ndipo usagwe.

Kikaushio sikuwa nacho. Nikasikia kwamba Birkat al Mauz kuna karakana ya tende yenye mashine kubwa ya kukaushia, na kwamba msimu ukiisha mashine inakaa bure. Mwenye karakana, Mwarabu wa hapo hapo ambaye babu zake hawakuwahi kuvuka bahari, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akanikabidhi ufunguo. Mchele wa kwanza ulitoka mkavu vizuri sana, ila unanuka tende. Nikasugua zile sinia kwa siki na ndimu mpaka vidole vikababuka. Mchele wa pili ulinuka siki. Wa tatu ulinuka mchele. Siku ile niliyopika mbele yake kwa chuma cha vitumbua cha marehemu mama, vikaumuka, vikageuka kahawia pembeni na kubaki laini katikati, niliruka kama mtoto na mwenye karakana akaniambia niteremke kwenye kreti zake.

Nikaanza kuuza kwenye soko la wanawake la Ibra, lile la Jumatano. Nilikaa baina ya mama anayeuza manukato na mwingine mwenye barakoa anayeuza vitambaa, jiko la gesi mbele yangu, nikipika na kuwaonjesha. Pakiti aliichora binti yangu, msichana mkubwa sasa: VITUMBUA kwa herufi kubwa za Kilatini, na chini yake kwa Kiarabu. Herufi za Kiarabu hazina sauti ya v, kwa hiyo ikasomeka fitumbua, na fitumbua likawa jina lake sokoni. Kimoja fitumbua, mia fitumbua. Hata binti yangu mwenyewe, mjukuu wa mwanamke wa Mjini Unguja, ngeli zote kazitia kapu moja.

"Mama, vitumbua moja imebakia," huniambia. "Nikule?"

"Kimebakia kitumbua kimoja."

"Si ndo hiyo hiyo, yaani?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameshakitia mdomoni.

Biashara ikakua. Maduka madogo ya Ibra yakachukua pakiti, kisha ya Sur, ambako nusu ya wateja hawakuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Lakini ukitaka kufika nchi nzima lazima upate rafu katika maduka makubwa, na njia ilikuwa mpango mmoja wa kukuza biashara ndogo za vyakula. Wakikukubali, wanakupa nafasi katika kiwanda chenye mashine za kisasa, na bidhaa yako inaingia madukani kila mji. Wakikukataa, rudi Jumatano ukakae chini. Nilituma maombi nikaitwa Nizwa kupika mbele ya jopo.

Walikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa bwana wa makamo, kanzu nyeupe pe, kilemba kimefungwa kama kimepigwa pasi kichwani. Kulia kwake dada mmoja mtaalamu wa masoko, kushoto mzee mfanyabiashara. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiarabu. Waliniuliza maswali ya maana na niliyapenda: unyevu wa unga, muda wa kukaa rafuni, tui la unga linatoka wapi. Dada wa masoko alisema chumvi imezidi, nikakubali. Mzee alisema pakiti ni kubwa kwa nyumba ya watu wawili, nikakubali. Nilikuwa nikijibu huku napika, na ukumbi mzima umeshajaa harufu.

Ndipo mwenyekiti akaigeuza pakiti mkononi.

"Jina hili," akasema, "libadilishwe. Mnunuzi wa Buraimi au Salala hajui ni nini. Andika lukaimati za mchele. Watu wataelewa, na itakuwa chakula cha Kiomani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia lukaimati nazijua, nazila, nazipenda, lakini ni donge la ngano linalotumbukizwa katika mafuta na kumwagiwa asali. Hivi ni mchele na nazi, na hupikwa kwenye chuma chenye mashimo. Si ndugu hata wa kambo.

"Ni jina tu," akasema.

"Kama ni jina tu, liacheni."

Akatabasamu, lile tabasamu wanalotufanyia tangu tulipoingia darasani na lafudhi zetu. Akasema mpango ni wa chakula cha taifa, na jina hili, bila ya kukosea heshima, ni la nje. Hapo damu ikanichemka. Nikamuuliza mishkaki wanayokula kando ya barabara usiku wa Ijumaa iliitwaje kabla sisi hatujarudi? Na mandazi ya chai ya maziwa, yaliteremshwa kutoka mbinguni? Mbona hayo hayakuulizwa pasipoti? Mimi nimezaliwa hapa, mchele nimeukausha Birkat al Mauz, mnunuzi wangu wa kwanza alikuwa Bedui wa Sharqiyah. Kama kitumbua changu ni cha nje, basi na mimi ni wa nje, waseme tu nichukue jiko langu niende.

Mzee mfanyabiashara akainamia meza. Dada wa masoko akasema labda tuonje kwanza, tutulie. Nikawapa sahani. Wakala. Mwenyekiti alikula kimoja, akafumba macho kidogo, akanyoosha mkono bila hata kunitazama.

"Haati kitumbua thani," akasema. Nipe kitumbua kingine.

Mkono wangu ulisimama na kijiko hewani. Kwenye pakiti hakuna kitumbua. Kuna vitumbua. Mimi nilikuwa nikisema vitumbua tangu nilipoingia, na lile neno la umoja lilikuwa limenitoka mara moja tu katika hasira. Wenzake wawili walikuwa wakisema fitumbua, kama watu wa sokoni. Yeye ndiye aliyeitoa ile vi akaweka ki pahala pake, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Hilo halifundishwi kwenye jopo. Hufundishwa jikoni, na mama, mtoto anapoambiwa subiri, kitakuunguza.

Nikamjibu kwa Kiswahili, mbele za watu: "Kimoja tu, bwana, au viwili?"

Uso ukamuiva. Akaweka sahani chini, akakohoa, akarudi kwenye karatasi zake na Kiarabu chake. Uamuzi wa jopo ni kwamba bidhaa ni nzuri na inakubalika, kwa sharti la kubadilisha jina. Je, nakubali?

Niliifikiria ile rafu. Sitasema uongo, niliitaka sana. Nilimfikiria binti yangu aliyeacha kazi yake ya kuchora matangazo ili awe nami. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, na neno hilo lilinifika ncha ya ulimi nikalimeza, kwa sababu lina historia mbaya baina yetu na sikutaka kulitia katika chumba kile. Nikasema la, sikubali. Nikazima jiko.

Nilikuwa napakia vitu garini alipotokea nyuma yangu, peke yake.

"Shikamoo, bibie," akasema taratibu.

"Marahaba." Sikugeuka.

"Usinichukie, wallahi. Skuli walikuwa wakinitania kwa Kiswahili changu. Nikakiacha. Ofisini hakuna anayejua kama mama yangu mtu wa Mkunazini, Unguja."

"Na mimi walinitania," nikamwambia. "Leo na wewe umenitania. Tena umenitilia mchanga kitumbua changu, khalas, umeridhika?"

Msemo ule haukuwa na mtu mwingine wa kuuelewa pale Nizwa nje ya jengo lile. Alicheka kabla hajajizuia, kisha macho yakamlegea, na nikaona kwamba nikiendelea atalia. Nilimwonea huruma. Hasira haikuniondoka hata chembe, lakini huruma nilimwonea.

Akasema mama yake mikono imemkatalia, hawezi tena kupika, na wake za watoto hawajui. Akaniuliza kama naweza kumpa pakiti moja ampelekee.

Nikamchagulia moja ambayo haijakunjika. "Jina lake liko hapo juu," nikasema, "hilo unalotaka lifutwe. Ukifika, msomee kwa sauti. Usimwambie umemletea lukaimati."

Aliondoka nayo ameificha ndani ya faili.

Rafu, basi, sikuipata. Nikarudi Jumatano nikakaa chini. Haba na haba hujaza kibaba: duka moja Ibra, jingine Sur, bibi mmoja wa Ras al Hadd mwenye nyumba ya wageni akawa anawapikia watalii asubuhi, wakitoka kutazama kasa wakitaga ufukweni. Yule mwenye karakana ya tende akanunua mashine mpya akaniachia ya zamani. Nina wafanyakazi wanawake, na mashine ya kutia pakiti inayopiga kelele mpaka jirani kalalamika. Kila baada ya muda mtu mwenye suti huja kunishauri kuhusu jina. Huwa nampikia, namlisha, namsindikiza mlangoni.

Siku moja simu ya biashara ililia nikiwa nimeshika mfuko wa mchele. Sauti ya mwanamke mkongwe, Kiswahili cha Mjini kile kile ambacho sikukisikia tangu tulipomzika mama. Nilikaa juu ya mfuko.

"Ndiye wewe mwenye vitumbua?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mwanangu mie kaniletea pakiti yako toka huko kwenye ofisi zake. Kanisomea jina. Nikamwambia hebu rudia. Karudia. Mtoto yule hajasema na mie Kiswahili tangu kuota ndevu, na siku hizi ananiamkia kila asubuhi, hata mbele ya mkewe." Nikamsikia akivuta pumzi, na mimi machozi yananitiririka juu ya mchele. "Lakini nisikilize. Iliki umeibania. Kitumbua gani hicho, hakinukii hata ukumbini? Ungepika Unguja ungechekwa."

"Nimekusikia, bibi."

Iliki nikaongeza. Jina sikuligusa.