Mzigo Uliochorwa Dirishani

Ukitaka kucheka, cheka. Haya yalinikuta mchana kweupe, huku huku Sydney, mtaa wa Lidcombe, na Mungu ananiona.

Wakati wa korona nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wageni hawaruhusiwi kuingia, ndugu wanaishia kupunga mkono nje ya dirisha. Mipaka nayo imefungwa, na mama yangu, Bi Maua, yuko kitandani Tanga, mgonjwa. Nalia chooni, navaa barakoa, narudi kazini. Ningefanya nini?

Nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Meksiko, zamani mwalimu wa maandishi ya kale ya kwao, ya Kinahuatl, yanayoandikwa kwa picha. Kila nikimpelekea chai ananifundisha kidogo: nyayo ni safari, kikunjo kama moshi mbele ya mdomo ni maneno.

Alasiri moja nikaona mwanamke nje ya dirisha lake, kajitanda mtandio. Hakupunga mkono. Kioo kilikuwa na ukungu, akachora kwa kidole: nyayo, kisha mzigo uliofungwa kamba, na juu yake maua yaliyounganishwa na mzigo kwa mstari. Jamani, nilivyofurahi!

"Mzee, binti yako anakuja, kakubebea maua! Au nimesoma vibaya?"

Akaweka kikombe chini. "Sina binti. Nilidhani ni ndugu yako wewe." Akanitazama kwa huruma. "Na huo si mzigo. Ni maiti, sisi ndivyo tulivyowafunga. Kinachoungwa kwa mstari ni jina la marehemu."

Kugeuka, mwanamke hayupo. Nikashika kitambaa nifute, na niamini, ile michoro ilifutika kwa upande wetu, wa ndani.

Nikapiga simu Tanga. Mama akapokea mwenyewe, eti leo kanywa uji wote. Nikaomba ruhusa ya kusafiri, nikakataliwa. Nikaomba tena, wapi! Wiki haikuisha, akazikwa mimi nikitazama kwenye simu, mtandao unakatika.

Mpaka leo nikiona kioo chenye ukungu nakifuta mbio, wenzangu wananicheka. Nawe nakuomba, ukichorewa usichokijua, futa, usiulize maana yake. Mimi niliuliza. Siku zile zote nikawa naongea na mama yangu akiwa hai, nami najua, na kila simu ananiuliza, "Mwanangu, utakuja lini?"

Namjibu, "Karibuni tu, mama."